argparse ya Python, kwa mtu wa depo Lubumbashi

Depo yetu ya unga iko komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Bei zinapigwa kwa dola, mteja analipa franka. Asubuhi skripti inaita programu yangu, inaipa --taux, yaani franka ngapi kwa dola moja, orodha ya bei inatoka. Kusoma namba hiyo nimemwachia argparse, moduli ya Python inayosoma machaguo ambayo programu inapewa kwenye amri, na kwanza nimpe haki yake: amo ndani ya Python tangu 2.7 na 3.2, hakuna cha kupakua, na megabaiti hapa si bure. Ukimpa upuuzi anakataa, anataja chaguo lenye kasoro na kutoka na msimbo 2, kwa hiyo skripti inajua kazi imekwama.

Tatizo ni type=float, yaani kumwambia asome thamani kama namba ya desimali. Inakataa 2850,5, namna sisi wote tulivyofundishwa shuleni kuandika, halafu inapokea nan (“si namba”) bila kukohoa! Na ukaguzi wa taux <= 0 hauikamati nan, maana kila ulinganisho wa aina hiyo nayo jibu lake ni hapana. inf, yaani namba isiyo na mwisho, nayo inapenya. Tumia math.isfinite, inayozikamata zote mbili.

Dawa ni kuandika fanksheni yako na kuipa type. Kupokea koma hakuvunji skripti ya mtu, kwa kuwa zamani ilikataliwa. Ila ankara zinazopita Kasumbalesa kutoka Zambia huandika 2,850 kwa maana ya elfu mbili mia nane na hamsini. Ukigeuza koma kuwa nukta kikubwa kikubwa, utauza unga dola moja ikihesabiwa franka mbili na kitu. Yangu inapokea koma yenye tarakimu moja au mbili nyuma yake. Zikiwa tatu inarusha ArgumentTypeError, kosa la argparse la thamani mbaya, ujumbe kwa Kiswahili, vijana wa kaunta wausome. Kukataa kilichokuwa kikikubaliwa ndiko kwenye hatari: 1_000 inapita tangu Python 3.6, basi naiacha ipite, natoa onyo tu kwenye stderr, njia ya ujumbe wa makosa.

Kinachoniudhi kweli ni vifupisho. argparse hukubali --tau badala ya --taux bila kuulizwa. Ongeza --tauxsoko leo: --taux kamili iko salama, --tau iliyojificha kwenye skripti ya zamani inakwama. allow_abbrev=False, inayozuia vifupisho, ipo tangu 3.5, lakini ukiiweka kwenye programu kongwe unavunja skripti zilezile. Iweke siku ya kwanza.

Nampa argparse nyota nne. Na usithubutu kuongeza chaguo liitwalo -1: hapo hapo -5 ya punguzo, iliyokuwa ikisomwa kama namba, inaanza kudhaniwa chaguo.