Mikanda ya ngozi kwa pedali za zamani: ipi inahimili chumvi ya Mombasa

Kwa pedali za chuma za baiskeli za zamani, zile zenye klipu ya kushika ncha ya kiatu, mkanda wa kubana mguu kwenye pedali unaofaa kununuliwa hapa Mombasa ni wa ngozi ya tabaka mbili wenye utepe wa nailoni katikati. Wa tabaka moja hupendeza dukani. Mvua za mwaka zikianza hunywa maji na kurefuka, kila siku unavuta na bado umelegea, kisha hukauka ukawa mgumu kama ng'onda.

Kabla ya kutazama ngozi, tazama bizimu. Upepo wa bahari hula kromu hafifu, kutu inaingia kwenye springi, na springi ikishakwama meno hayaumi mkanda au, vibaya zaidi, hayauachii. Chagua bizimu ya stenlesi. Rola izunguke kwa kidole, na kikono ukikiachia kirudi kwa nguvu.

Mikanda ya kale ya Binda, yenye jina la Alfredo Binda, Mwitaliano aliyeshinda mbio za baiskeli za Giro d'Italia mara 5, bado inasakwa sana. Ukiuziwa iliyokaa stoo miaka mingi, ikunje taratibu karibu na bizimu. Ukiona nyufa, hiyo ni ya maonyesho tu. MKS ya Japani bado wanatengeneza mipya, na kwa baiskeli ya kuendeshwa kila siku tungechukua mpya bila kusita.

Lawama nyingi zinazotupiwa ngozi hutokana na ufungaji. Kwanza pitisha tupa ndogo kwenye kingo za matundu ya pedali, kwa sababu bamba la zamani lina ncha kali zinazokata ngozi polepole kama msumeno. Funga klipu kwa bolti zake, nyingi zikiwa za spana namba 8, na uweke washa ya springi, la sivyo mtikisiko wa barabara utazilegeza. Kiatu kikiwa ndani, ncha yake iache nafasi ya milimita 3 hadi 5, na sehemu pana ya unyayo ikae juu ya ekseli.

Sasa mkanda. Ingiza mkia kutoka upande wa nje wa pedali, upande usio na krenki. Ukishatokea kati ya mabamba mawili, usokote mzunguko mmoja kamili, ndipo uupitishe kwenye tundu la bamba la ndani. Msokoto huo ndio kazi yote: unabana ndani ya pedali na kuzuia mkanda usiteleze kila unapovuta. Mzunguko ukiwa nusu, uso laini wa ngozi utageukia ndani na upande wa nyama, wenye mparuzo, utatazama nje. Kisha pandisha mkanda upite kwenye pete ya juu ya klipu, uushushe hadi kwenye bizimu, uzunguke rola, na mkia utokee juu ili ukazwe kwa kuvutwa kwenda juu. Bizimu ikae nje, upana wa kidole kutoka kwenye bamba. Ikigusa bamba italikwaruza, na ikipanda juu ya mguu itakuumiza.

Mkanda mpya ukigoma kuingia, chonga ncha ya mkia kwa mshazari, upake nta ya nyuki, uuvute kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Usiuloweke maji. Mwisho zungusha krenki kwa mkono: mkanda ukisugua krenki upande wa ndani, urudishe nje kidogo, maana hapo ndipo unapokatikia.

Pedali za mpira za baiskeli ya Black Mamba hazina matundu ya bolti, kwa hiyo utabadilisha pedali nzima. Ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Krenki za zamani za Kifaransa zina uzi wa milimita 14, wakati pedali za kawaida ni inchi 9/16. Ukilazimisha, umeua krenki.

Kwa matunzo, nta ya nyuki kidogo kila mwezi yatosha. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi kupita kiasi, ikavutika. Kuvu ikiota, ifute kwa kitambaa kikavu na uanike mkanda kivulini. Bizimu ioshe kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kupita ufukweni, ikauke, uitie tone moja la mafuta ya cherehani.

Tena, legeza mkanda wa mguu unaoushusha kabla ya kufika mteremko wa feri Likoni au msongamano wa Mwembe Tayari. Tuktuk ikikata mbele yako, hutapata muda wa kutafuta bizimu.

Bizimu zako za zamani zikiwa nzima na ngozi imekwisha, fundi viatu anaweza kukushonea mingine: vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe, utepe wa nailoni wa begi katikati, uzi uliopakwa nta, matundu ya msharasi yakae karibukaribu. Mpelekee pedali yenyewe apimie upana wa tundu.