Vumbi la kukata zege na vigae: maji au barakoa?

Vumbi linalofuka diski ya grenda inapokata zege, tofali au kigae lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Chembe zake hatari hazionekani kwa macho. Huzama ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na aliyenao hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Maji hulikamata vumbi kabla halijaruka. Yanahitajika angalau nusu lita kwa dakika, yakimwagika pale pale diski inapogusa zege. Kopo linalomiminwa mara mojamoja halisaidii kitu. Tumia mashine iliyotengenezwa kukatia kwa maji. Grenda ya kawaida ya umeme ikilowa, inapiga shoti. Tope nalo lizolewe likiwa bichi, maana likikauka na kufagiwa, vumbi ni lile lile.

Barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi yenye mikanda miwili, ni rahisi kupatikana, lakini humlinda aliyeivaa tu. Saidia fundi anayeshika kigae hapo kando anavuta vumbi lote. Mkanda mmoja upite juu ya masikio, wa pili shingoni, kisha bana kile kibati cha puani kwa vidole vya mikono yote miwili. Ndevu huacha upenyo. Barakoa ya kitambaa, au ya hospitali ya buluu, haizuii silika.

Tungeanza na maji kila yanapowezekana, na barakoa juu yake. Barakoa peke yake ibaki kwa mkato mfupi, nje, wengine wakiwa mbali.