MacBook Air: Ununue ya M4 Sasa au Usubiri ya M5?

Tangu tarehe 15 Oktoba 2025, Apple ilipotangaza MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu ya M5, wanaotaka kununua kompyuta mpakato wamekuwa na swali moja: MacBook Air, ile nyepesi, ya M5 itatoka lini, na je, kuna faida kuisubiri? Hadi sasa, Desemba 2025, kampuni hiyo haijatamka lolote. Hata hivyo, tetesi zilizozagaa kwamba itatoka Machi 2026 si za kupiga ramli. Zina misingi inayoweza kupimwa, na mnunuzi anayeielewa misingi hiyo anaweza kunufaika hata kama hana nia ya kununua toleo jipya. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tarehe ya kuingia kwa toleo jipya humfaa zaidi yule anayevizia toleo linaloondoka.

Tuanze na kalenda. Air ya M1 iliingia sokoni Novemba 2020, ya M2 Julai 2022, ya M3 Machi 2024, na ya M4 Machi 2025. Yaani kati ya toleo na toleo ilipita miezi 20, kisha miezi 20 tena, kisha miezi 12. Aliyeamini mwishoni mwa 2021 kwamba toleo jipya hutoka kila mwaka alikaa akisubiri zaidi ya nusu mwaka bila kitu mkononi. Kinachonifanya niukubali utabiri wa Machi 2026 ni mfuatano mwingine: kompyuta za Pro zenye M3 zilitangazwa Oktoba 2023, Air ikafuata Machi 2024; za M4 zilitangazwa Oktoba 2024, Air ikafuata Machi 2025. Sasa Pro ya M5 imeshatoka Oktoba, na ukihesabu miezi mitano unaangukia Machi. Mbali na hesabu hiyo, fuatilia taarifa za Mark Gurman wa Bloomberg, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipata habari za Apple kabla ya wengine, na utazame muda wa kuletewa mzigo katika duka la mtandaoni la Apple. Modeli za kawaida zilizokuwa zikifika kwa siku chache zikianza kuchukua wiki kadhaa, mara nyingi ni dalili kwamba ghala linaachwa litupu kwa makusudi.

Sasa niziweke chaguo kwa mpangilio wa ubora, nikimfikiria mtu wa ofisi, mwanafunzi wa chuo au mwandishi, wala si mhariri wa filamu.

Ya kwanza ni Air ya M4 iliyo mpya. Ilipotoka, bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 999, pungufu kwa dola 100 kuliko M3 ilivyoanza, tena ikiwa na RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika wakati kompyuta inafanya kazi) ya GB 16, kamera bora zaidi, na uwezo wa kuendesha skrini mbili za nje bila kuifunga kompyuta yenyewe. Haina feni, kwa hiyo haipigi kelele, na kwa kazi za maandishi, majedwali ya hesabu na mikutano ya video ni vigumu kuielemea. Ikiwa kompyuta uliyonayo imekufa au inakukwamisha kazini, inunue leo, kwa sababu miezi mitatu ya kazi iliyolala ina gharama kubwa kuliko punguzo lolote utakaloambulia Machi.

Ya pili ni kusubiri, na hii ninampendekezea tu mtu ambaye kompyuta yake bado inafanya kazi. Namshauri asubiri kwa ajili ya bei ya M4, si kwa ajili ya M5 yenyewe. Katika Pro, M5 imepandisha kasi ya kupitisha data kwenye RAM kutoka GB 120 hadi GB 153 kwa sekunde, na imeongeza sana nguvu ya kuendesha programu za akili mnemba ndani ya kompyuta yenyewe. Anayeandika ripoti na kujibu barua pepe hataiona tofauti hiyo. Atakachokiona ni wauzaji wakihangaika kuondoa mzigo wa M4. Katika Machi zile mbili zilizopita, Apple ilipotoa toleo jipya iliacha kuuza baadhi ya matoleo ya nyuma, na mwaka 2024 maduka ya Walmart ya Marekani yaliichukua Air ya M1, iliyokuwa imeondolewa katika duka la Apple, yakaiuza kwa dola 699.

Kwetu mambo huchelewa. Apple haina duka lake Afrika Mashariki. Mzigo hupita kwa mawakala walioidhinishwa au kwa wafanyabiashara wanaoufuata Dubai, kisha ndipo unapofika Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi ukiwa umebeba nauli, kodi na faida ya kila aliyeupokea. Kwa sababu hiyo, wiki za kwanza toleo jipya huuzwa kwa bei ya kuringishia, na punguzo la toleo la zamani huja polepole, pale muuzaji anapoona wateja wameanza kuulizia jipya. Anayelenga punguzo hilo ajipange kwa Aprili au Mei. Nina wasiwasi mmoja hapa: mwishoni mwa mwaka huu bei za chipu za RAM zimepanda duniani kote, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi mno. Huenda punguzo likawa dogo kuliko la miaka iliyopita, na ukikutana na bei nzuri Januari, usiiache ipite kwa kuwa tu ulijiwekea Machi.

Ya tatu ni M3 au M2 iliyotumika, ilimradi iwe na RAM ya GB 16. Tarehe 30 Oktoba 2024, Apple ilipandisha kiwango cha chini cha RAM cha modeli hizo mbili kutoka GB 8 hadi GB 16 bila kuongeza bei, kwa hiyo zipo nyingi sokoni zinazofanana kabisa kwa nje lakini zikitofautiana sana kwa ndani. Fungua menyu ya alama ya tufaha uhakikishe mwenyewe. Usitegemee karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Kati ya hizo, naipendelea M3, kwa sababu M2 yenye hifadhi ya GB 256 ilitengenezwa kwa chipu moja ya hifadhi badala ya mbili, na kasi yake ya kusoma mafaili ni kama nusu ya ile ya M1.

Kwa bidhaa iliyotumika, kagua mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Betri za MacBook zimekadiriwa kuhimili mizunguko 1,000 ya kuchaji, na idadi iliyokwisha kutumika husomeka ndani ya kompyuta yenyewe. Iliyovuka 600 ombea punguzo. Jambo la pili nililijua kwa maumivu. Mwaka 2023 nilinunua Air ya M1, safi, haina hata mkwaruzo, na nilipofika nyumbani nikaifuta ili nianze upya. Ilipounganishwa na intaneti, skrini ikaandika kwamba kompyuta ile inasimamiwa na kampuni ya Ulaya, ikadai jina na nywila ya mfanyakazi. Muuzaji alikuwa ameshazima simu. Kwa hiyo omba ifutwe mbele yako, iunganishwe na intaneti hapo hapo dukani, na usilipe hadi uone eneokazi limefunguka.

Ya nne ni M1 yenye GB 8, inayomfaa mwanafunzi mwenye bajeti finyu ambaye hafungui programu nyingi kwa pamoja.

Zile za kabla ya M1, zenye chipu za Intel, nisingezinunua hata kwa bei ya kutupa. Mwezi Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe, toleo la mfumo endeshi wa kompyuta zake, ndilo la mwisho kwa kompyuta za Intel, na hakuna Air ya Intel iliyofikia hata hilo.