Tahadhari: Muuzaji wa Mchezo wa Kuunganisha Mabomba

Yupo muuzaji anayetangaza mchezo wa kuunganisha mabomba kwa kompyuta za mezani na simu za mkononi, akidai ameutengeneza mwenyewe na kwamba hatua za juu hufunguliwa kwa msimbo wa kulipia. Nililipa, msimbo ukakataa, nikaelezwa kwamba ule ulikuwa wa kompyuta ya mezani pekee na kwamba wa mkononi hulipiwa tena. Nilipodai kurudishiwa fedha, alinyamaza.

Picha za tangazo zinaonyesha maji yakifukuzana na vipande vya bomba, kama katika mchezo wa kompyuta wa Pipe Mania wa mwaka 1989, lakini mchezo unaoletwa hauna hata tone la maji. Ukiuchunguza utaona kuwa ni Net, fumbo la kuzungusha miraba hadi nyaya zote ziungane, lililomo katika mkusanyo wa mafumbo wa mwandishi wa programu Simon Tatham; nyaya hizo zimenenepeshwa na kupakwa rangi zifanane na mabomba. Uwanja huanza na miraba 5 kwa 5, kitufe cha kushoto cha kipanya huzungusha kipande kinyume cha saa na cha kulia huzungusha kisaa, na kile kisanduku cha katikati ambacho vyote hupaswa kuungana nacho hakikuguswa. (Hata uvivu una kiwango chake.)

Mkusanyo huo hutolewa bure pamoja na msimbo wake wa chanzo (maandishi ya programu yenyewe), chini ya leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuinakili na kuibadilisha programu. Leseni hiyo haikatazi kuuza nakala, kwa hiyo kosa la mtu huyu si kutoza fedha. Kosa ni kufuta jina la mwandishi na tamko la leseni, ambalo lazima liambatane na kila nakala, kisha kuuza misimbo isiyofungua chochote.

La hatari zaidi ni kwamba toleo la mkononi huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi na orodha ya majina, na la mezani humwagiza mtumiaji azime kwanza programu ya kuzuia virusi. Fumbo la kuzungusha miraba halihitaji lolote kati ya hayo.

Aliyekwisha kuuweka aufute, akague kifaa kwa programu ya kuzuia virusi, abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine, na awasilishe malalamiko kwa kampuni aliyolipia kupitia kwayo, akiambatanisha picha ya tangazo kabla halijaondolewa.