R na klasi yangu ya fremu ya data: uzoefu wangu

Kazi yangu ya kila siku ni vipimo vya joto, na kwa kazi hiyo R, lugha ya programu ya takwimu, sijaiacha. Safari hii nilitaka kitu kidogo tu: fremu ya data (jedwali la R) yenye klasi yake, yaani aina yake, `vipimo`, inayobeba sifa moja ya ziada, `kizio`, ili jedwali lenyewe liseme kama namba zake ni za Selsiasi au Farenhaiti. Kwa S3, mfumo mwepesi wa klasi ndani ya R, hiyo ni kazi ya dakika chache. Unatanguliza jina la klasi yako mbele ya `data.frame`, unaandika `print.vipimo` ya kulichapa jedwali, umemaliza.

Taabu ilianza nilipokata vipande. `x[1:10, ]` ilinipa mistari kumi, kizio kikiwa salama. Nikaandika `x[c("siku", "joto")]`, na juu ya jedwali pakachapwa "Kizio:" na mbele yake patupu. Nikaangalia `class(x)` ya kipande kile: bado `vipimo`. Nikaita `attributes()`: kizio hakimo. Kumbe ukichagua mistari peke yake R hunakili sifa zote za fremu, lakini ukichagua safu hurudisha majina, mistari na klasi tu. Sifa uliyoiongeza mwenyewe inapotea bila onyo lolote. Hilo ndilo lililoniuma. Afadhali programu ingekwama, kuliko kitu kubaki na jina la klasi huku kimeshapoteza kile ambacho klasi iliundwa kukitunza. `x[, "joto"]` nayo ina lake: safu ikibaki moja inageuka vekta, usipoandika `drop = FALSE`.

Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuandika metodi (funksheni ya klasi yangu) ya mabano mraba na ndani yake kuita `x[i, j]`. Ikawa inajiita yenyewe mpaka R ikakataa. Dawa ni hii, ambapo `NextMethod()` huiachia kazi metodi ya kawaida ya `data.frame`:

`"[.vipimo" <- function(x, ...) {`
`  y <- NextMethod()`
`  if (is.data.frame(y)) attr(y, "kizio") <- attr(x, "kizio")`
`  y`
`}`

Zile nukta tatu zina maana kubwa. `x["joto"]` ni kuchagua safu, `x["joto", ]` ni kutafuta mstari wenye jina hilo. Tofauti ni koma tu, na `NextMethod()` huipitisha koma hiyo kama ilivyokuja. Kwa ubunifu huu naipenda R kwa dhati.

Wanaotumia dplyr, paketi ya R ya kushughulikia majedwali, wana funksheni `dplyr_reconstruct` ya kurudisha sifa kama hizo tangu toleo 1.0.0 la mwaka 2020, nayo inakubali metodi ya klasi yako.

Naipendekeza S3 kwa fremu za aina hii, ila usimpe mtu klasi ambayo hujaikatakata mwenyewe. Kwenye paketi yangu sasa kuna majaribio manne: kukata mistari, kukata safu, kukata vyote pamoja, na kubakiza safu moja.