Miezi mitatu na tona ya mchele uliochachushwa

Baridi ya Arusha ndiyo iliyonifikisha hapa. Ukiingia mwezi wa saba uso wangu hukauka mpaka nikicheka ngozi inavuta pembeni ya mdomo, na papo hapo pua na paji vinatoa mafuta. Losheni nzito zinaniletea chunusi. Nisipopaka kitu, napauka. Dada wa dukani akanipa tona, yaani majimaji ya kupaka usoni baada ya kunawa, chupa ya mililita 150 kutoka Korea, shilingi elfu arobaini na tano. Nikavuta pumzi, nikalipa.

Ukiifungua unasikia kwa mbali harufu ya togwa iliyolala, ila inapotea kabla hujamaliza kupaka. Ni nyepesi kama maji, lakini ukisugua vidole kuna utelezi. Nanawa, na uso ukiwa bado na unyevu namimina kiasi kidogo kiganjani na kupigapiga taratibu. Pamba nimeiacha, inakunywa nusu ya tona.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu. Ya tatu, kule kuvuta kukaisha, na poda ikaacha kukatika puani ifikapo mchana. Kwangu hilo peke yake linatosha. Madoa ya zamani ya chunusi, lakini, yapo palepale shavuni. Mapya yanafifia haraka kidogo, ila kipindi hichohicho nilianza kupaka krimu ya kukinga jua kila asubuhi, kwa hiyo siwezi kuipa tona sifa zote.

Shangazi aliponiona, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, akauliza: "Mwanangu, umeanza mkorogo?" Iliniuma. Nikamwelewesha kwamba uso unang'aa kwa sababu una maji, rangi yangu ni ileile. Ila wasiwasi wake una msingi. Ukungu wa koji, ambao Wajapani huutumia kuchachushia mchele wa sake, pombe yao ya mchele, hutoa asidi ya koji, na asidi hiyo inapunguza ngozi kutengeneza rangi. Ndiyo inayotiwa kwenye sabuni nyingi za kung'arisha. Kwa hiyo someni kibandiko: "Rice Ferment Filtrate" ni majimaji ya mchele uliochachushwa na kuchujwa, mkiona "Kojic Acid", yaani ile asidi ya koji, hicho ni kitu kingine.

Na jamani, msifanye nilivyofanya mimi. Chupa ilipokaribia kuisha niliroweka mchele wangu, nikauacha siku mbili juu ya kabati. Ulinuka, nikajipaka hivyohivyo. Kesho yake mashavu yote yalikuwa na vipele vinavyowasha, na vilichukua siku tisa kuondoka. Kiwandani wanachuja na kutia kihifadhi. Kwenye bakuli langu sijui kilikuwa kimeota nini.

Chupa ya pili nimeifungua jana, baada ya kuijaribu kwanza kwenye kunjo la kiwiko. Nyuma ina picha ya kikopo kilicho wazi kilichoandikwa 12M, yaani miezi kumi na miwili tangu kufunguliwa, basi nimeandika tarehe chini yake kwa kalamu ya wino mzito.