Pikipiki ya cc ngapi kwa milima ya Mbeya?

Kama una hela ya pikipiki moja tu, na kazi yako ni abiria na mizigo ya hapa Mbeya, nunua ya cc 150. Ya pili naiweka 125, ya tatu 200, na 100 inakuja mwisho. Dar es Salaam ningepanga vingine. Sisi tumekaa mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake kabla hujapakia hata debe la viazi. Ndiyo maana nakusihi uzijue cc unazolipia, usiishie kusoma stika ya ubavuni.

Cc (sentimita za ujazo) ni ujazo ambao pistoni, yaani kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, inaupitia ikitoka chini kabisa hadi juu kabisa. Chumba kidogo kinachobaki juu yake hakihesabiwi. Unahitaji vipimo viwili: kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Viweke kwa sentimita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha mara 0.7854, kisha mara mwendo. Silinda zikiwa zaidi ya moja, zidisha tena kwa idadi yake.

Chukua Boxer 150 ya Bajaj. Kipenyo ni milimita 56, mwendo 58.8. 5.6 mara 5.6 ni 31.36, mara 0.7854 unapata 24.63, mara 5.88 unapata 144.8. Hujaibiwa. Watengenezaji huandika namba ya mviringo, na hizo cc tano hutazihisi barabarani.

Utakachohisi ni umbo la injini. Hapo mwendo umezidi kipenyo, na injini ya namna hiyo kwa kawaida hupangwa ivute mapema, mzunguko ukiwa bado mdogo. Ukipanda Mlima Nyoka ukiwa na abiria na gunia, au ukikata kona za Isyonje kuelekea Tukuyu, hicho ndicho unachokihitaji. Sasa linganisha na 150 nyingi za Kichina zenye injini ya mtindo wa CG, yaani iliyoigwa kutoka Honda CG: kipenyo 62, mwendo 49.5, jibu ni 149.4. Cc ni nyingi kuliko za Boxer, lakini inapenda kuzungushwa kwa kasi ndipo ivute, na dereva anajikuta anarudi gia ya pili mara kwa mara. Dukani zote mbili zinaitwa 150. Muulize muuzaji vipimo vyote viwili, au vitafute kwenye kitabu cha pikipiki.

Ya 125 ya mtindo huohuo wa CG (56.5 kwa 49.5, yaani 124.1) naiheshimu sana. Vali zake zinasukumwa na fito, haina cheni ya taiming ya kulegea, na fundi yeyote wa Mwanjelwa anaifungua bila kuuliza. Kwa ruti za Kabwe na Soweto inatosha. Mtu wa Igurusi au Ubaruku, kule kwenye tambarare za mpunga, aiweke ya kwanza kabisa.

Ya 200, kwa mfano 63.5 kwa 62.2 inayotoa 197, mnunulie anayeshusha viazi kila siku kutoka milimani. Kwa abiria wa mjini mafuta yatakula faida. Ya 100 (53 kwa 45, sawa na 99.3) inamfaa mwalimu au muuguzi anayesafiri peke yake; ukimpakiza mtu wa pili mlimani inachoka.

Ukinunua iliyotumika, angalia kwanza cc zilizoandikwa kwenye kadi, kisha omba fundi wako afungue silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda. Muuzaji akikwambia bloku ilichongwa (silinda ilipanuliwa iingie pistoni kubwa zaidi) ndiyo maana ina nguvu, piga hesabu: Boxer 150 yenye pistoni ya 0.50, yaani iliyozidi ya kiwandani kwa nusu milimita, inakuwa na kipenyo cha 56.5, ujazo 147.4. Ameongeza cc zisizofika tatu. Nguvu anayoisifia imetoka kwenye ringi mpya na mgandamizo uliorudi. Futa masizi juu ya pistoni usome namba iliyogongwa pale. Ikiwa ni 1.00, mara nyingi hiyo ndiyo saizi ya mwisho, kwa hiyo toa kwenye bei yake gharama ya bloku mpya kabla hujamkabidhi hela.